Vyungu Sita vya Getini

Siku ya kuniaga kazini walinipa chungu cha maua, na kabla sijasema asante nilikiinua nikatazama kitako chake. Watu wakacheka wakidhani nawatania. Sikuwa natania. Nilikuwa natafuta tundu, nijue kama wamenipa chungu kizima au mojawapo ya vile vinavyorudishwa na wateja. Tundu lilikuwepo, limefunikwa kwa ndani na kipande cha chandarua kama ninavyofundisha siku hizi, kwa hiyo nikashukuru na kuomba soda.

Aline, wewe na wenzako mnaoanza kazi kitaluni ndio mlioniomba niandike haya. Nilijiuliza kuna nini nyuma ya ombi hilo, maana tangu lini vijana wakataka kusoma habari za mama wa vyungu. Halafu wewe Kiswahili unakisikia vizuri, lakini ukiulizwa unajibu kwa Kiingereza. Naandika hivyohivyo. Utakapokwama mpelekee mama yako akusomee, naye atapata la kunisengenya kanisani. Nani alipandishwa cheo na nani alipata nini mwisho wa mwezi sitaandika, hayo mnayajua kuliko mimi.

Kushuku nilikuja nako. Mtu aliyetoka Uvira kwa miguu na kwa malori, akalala kwenye mipaka ambako kila anayekusaidia anataka kitu, hafiki Johannesburg akawa mwepesi wa kuamini. Nilifika Yeoville na mfuko mmoja, na miezi mitatu ya kwanza niliulalia badala ya mto. Hata mkate wa spaza, vile viduka vya mtaani, niliubonyeza pande zote kabla ya kuondoka dirishani. Nayasema haya mapema ili msije mkanidhania mtakatifu huko mbele.

Siku ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu aliyenielekeza alisema ni kazi ya maua, nami nikadhani tutafunga maua ya harusi. Nilikuta kitalu kikubwa huko Midrand, safu kwa safu za miche chini ya neti nyeusi, na mtu mfupi mkavu amekaa juu ya ndoo. Huyo ndiye Mzee Shabani, Mtanzania wa Lushoto, aliyekuwa msimamizi wa vyungu. Alitazama viatu vyangu. Akanipa nyundo na kunionyesha rundo la vyungu vilivyovunjika.

"Vunja hivyo," akasema. "Vidogo vidogo, kama kiganja cha mtoto."

"Vya nini?"

"Vunja kwanza, dada. Maswali utauliza kesho."

Nilivunja kutwa nzima nikiamini ni hila, kwamba wanataka kuona mgeni atachoka saa ngapi waite mwingine. Sikuchoka, kwa ubishi tu. Kesho yake alichukua kigae kimoja, akakiweka ndani ya chungu juu ya tundu, akanishika mkono nikipapase.

"Kigae kina mgongo na tumbo," akasema. "Mgongo juu, tumbo chini, maji yapite kwapani. Ukikilaza bapa umeziba choo. Na mmea ukizibiwa choo unakufa kama mtu."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizomsikia akitoa katika miaka tisa tuliyofanya kazi pamoja. Mengine alinifundisha kwa kuguna. Nikimwagilia mchana jua likiwa kali, anaguna. Nikibana udongo kwa ngumi, anaguna mara mbili. Nilipoanza kuchomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili kabla ya kushika keni ya maji, hakuguna tena, nikajua nimeajiriwa kweli.

Kampuni yetu ilikuwa inapeleka vyungu vilivyopandwa kwenye maofisi na kwenye zile estate za Midrand zenye ukuta na geti, na kazi yetu kubwa ilikuwa mwisho wa msimu wa joto. Nyie mnaoanza mtaiona. Februari ikielekea Machi, bustani za Joburg zinafanana na watu wanaorudi harusini asubuhi, nguo bado ni za sherehe lakini zimekunjamana. Petunia zimerefuka shingo, mvua ya mawe imetoboa majani mapana yote, waridi zimepumzika, na baridi bado iko mbali. Mwenye nyumba anatazama dirishani anaona kijani kilichochoka. Kung'oa yote na kuanza upya ni kujitafutia adhabu, kwa kuwa mche mchanga ukipandwa ardhini wakati huo hauna muda wa kushika. Ndipo chungu kinapoingia. Unakileta kimejaa tayari, unakiweka mahali penye upara, na bustani nzima inaonekana imenawa uso.

Msiweke vyungu vidogo vingi. Kidogo hukauka kabla ya saa sita. Wekeni kikubwa kimoja, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, maana ukuta huo unaoka mizizi. Rangi hafifu hazionekani hapa mchana, jua la Joburg linazimeza, basi pelekeni nyekundu na chungwa na zambarau, na nyeupe iwe karibu na baraza wanapokaa watu jioni. Upangaji wake ni kama picha ya familia: warefu nyuma, wanene katikati, watoto mbele waning'inie. Mrefu wangu alikuwa salvia, mnene jeranium au koleus, na wa kuning'inia matembele.

Ndiyo, matembele. Mara ya kwanza kuyaona kwenye kitalu nilidhani Mzee Shabani anajilimia mboga kwa siri. Ni viazi vitamu vya majani ya zambarau, hupandwa ili vipendeze tu. Nilimsimulia mama mmoja kanisani kwamba huku watu wanapanda matembele kwenye chungu na hawayali, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Mzee Shabani aliporudi kwao kupumzika, aliniachia nyundo yake. Aliniwekea mezani, akaguna, akapanda gari. Nyundo hiyo inarudi baadaye katika habari hizi, na natamani isingerudi.

Miaka michache baadaye nilipewa estate moja ya Midrand niisimamie peke yangu. Bakkie ya kampuni, yaani pikapu, ilinishusha pale mara mbili kwa wiki na vifaa vyangu. Ndani kulikuwa na vyungu vingi, lakini vilivyonipa sifa ni vile sita vya getini, vitatu kila upande, vya kijivu, virefu, vyembamba kiunoni. Vilikuwa vya mtindo mpya, na kila kimoja kilikuwa na tundu moja tu katikati. Vya zamani vilikuwa na matundu manne au matano. Sikulitilia maanani jambo hilo, mimi ninayekagua mkate.

Mwaka uleule alikuja askari mpya wa geti, zamu ya mchana. Jina lake Déo, Mrundi, kijana wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye sauti ya chini hadi umwombe arudie. Alikuwa akinisalimia kwa mikono miwili, "Mama, umeamka?" Mtu mwingine angempenda siku hiyohiyo. Mimi nilijiuliza huyu anataka nini.

Haikupita muda, vyungu viwili vidogo vilivyokuwa kando ya kibanda cha askari vikatoweka. Nikamuuliza Déo. Akasema hajui, na aliposema hivyo alitazama chini.

Sasa sikilizeni. Kwetu na kwao, mdogo akisema na mkubwa hamkazii macho. Ningemkuta mwanangu anamkazia mama wa rika langu macho ningemchapa. Nilijua hivyo vizuri, nimelelewa hivyo. Lakini siku ile nilitaka mwizi, basi macho yale yaliyoinama kwa heshima nikayaita ya mwizi. Vile vyungu viwili vilipatikana mwezi uliofuata kwenye ghala la ukumbi wa wakazi. Meneja wa estate mwenyewe aliviazima kwa ajili ya sherehe akasahau. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshatengeneza mtego.

Nilikusanya vizibo vya soda, vile vya bati. Nikavilaza juu ya jiwe nikavipiga kwa nyundo ya Mzee Shabani hadi vikawa bapa kama sarafu. Kila kimoja nikakichora kwa msumari herufi B, ya Mama Bahati, ambaye ndiye mimi. Mwisho wa msimu wa joto ulipofika nikapanda upya vile vyungu sita vya getini, na chini ya kila kimoja, mahali pa kigae, nikalaza kizibo. Mpango ulikuwa kwamba siku nikikuta chungu changu nyumbani kwa mtu, nitakimwaga mbele ya polisi na alama itoke. Niliona nimepata akili kubwa. Vyungu vya ndani ya estate sikuviwekea kitu, kwa sababu Déo hakuwa akifika huko.

Wiki mbili baadaye matembele ya getini yakaanza kulegea. Zikafuata salvia, zikainamisha vichwa. Nikachomeka kidole, juu pakavu. Nikaona ni kiu, nikaongeza maji. Zikazidi kulegea. Na huko ndani, vyungu vilevile, udongo uleule, miche ya trei zilezile, vilikuwa vinawaka hadi wakazi wanapiga picha. Vilivyokuwa vinakufa ni vile sita tu vilivyo mbele ya macho ya Déo.

Kwa mtu wa kushuku, ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Alhamisi moja bakkie ilinishusha mapema kuliko kawaida. Jana yake kulikuwa na ile mvua ya alasiri ya radi, inayonyesha nusu saa na kujaza mitaro. Nikamwona Déo ameinama juu ya chungu cha tatu, ana kopo mkononi.

"Unamwaga nini humo?" nikamuuliza.

Akashtuka. "Simwagi, Mama. Ninatoa. Maji inasimama juu." Akatazama chini kama kawaida yake. "Mama, ivi vyungu vinakunywa lakini havikojoi."

Nilicheka, na si kicheko kizuri. Nikamwambia, "Weye chunga geti. Maua niachie miye."

Kisha nikachukua lile kopo nikalinusa. Lilinuka vibaya sana. Nikajiambia hii ni dawa, huyu anaua maua yangu kwa dawa. Harufu ile ni ya mizizi iliyooza, na mimi nimeinusa mara mia kabla na mara mia baadaye. Lakini pua nayo hunusa kile kichwa kinachotaka, angalau yangu siku ile.

Meneja wa estate alikuja saa nne, amekasirika. Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba geti linaonekana kama makaburini. Akaniuliza maua yamekuwaje, na kwa jinsi alivyouliza nilielewa kwamba lazima mtu mmoja ajibu, ama mimi ama mwingine. Sikusema Déo ameyaua. Nilisema nimemkuta ameinama chunguni na kopo, na kwamba kopo linanuka. Kila neno lilikuwa la kweli.

Jumatatu Déo hakuwepo getini. Mwenzake, askari wa Kikongo tunayesali naye, akaniambia bila kunitazama, "Wamemutoa, Mama. Kampuni ilimwambia abaki nyumbani, watamwita." Sote tulijua maana ya kuambiwa utaitwa. Akaongeza, "Ana watoto watatu, na makaratasi yake inaisha mwaka huu. Bila barua ya kazi atafanya namna gani?"

Nilijibu kwamba angefikiria watoto kabla ya kuchezea kazi ya watu. Nakumbuka hata nilivyokuwa nimeshika kiuno.

Nikapanda tena vyungu vyote sita kwa miche mipya, juujuu bila kuchimba hadi chini, vizibo vikiwa palepale. Miche ya zamani niliitupa kwenye rundo la takataka nyuma ya kibanda, ikiwa na mabonge yake ya udongo. Askari mpya alikuwa mwanaume mkubwa wa Kizulu asiyejali maua hata kidogo, hakuvikaribia vyungu hata kwa hatua mbili. Nikatulia. Wiki mbili zikapita, mvua zikapiga, na matembele yakalegea tena.

Nitawaambia wazo langu la kwanza, ingawa ni aibu. Nilifikiri Déo anarudi kwa siri kulipiza kisasi. Yaani mtu aliyefukuzwa kazi atoke Yeoville, apande teksi mbili hadi Midrand, apite kamera za geti, aje kuua salvia. Nilikaa na wazo hilo siku nzima nikaliona lina mashiko.

Bakkie iliponishusha tena nikaamua kukipindua chungu cha tatu nione ameweka nini safari hii. Nilikilaza ubavuni, nikavuta shina. Maji yakatoka kwa mdomo, meusi, yakamwagika hadi kwenye viatu vyangu na harufu ileile ya kwenye kopo. Juu udongo ulikuwa mkavu kidole kizima, chini ulikuwa bwawa. Nikaingiza mkono hadi begani. Vidole vikagusa kitu laini, baridi, kilichogandamana na tundu kama plasta juu ya kidonda. Nikakibandua kwa kucha. Maji yaliyobaki yakapita mara moja, shwaa, kwenye lile tundu. Mkononi mwangu kulikuwa na kizibo chenye herufi B.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama kushoto na kulia kama kuna aliyeniona. Hakuna. Yule Mzulu alikuwa anafungulia gari la kuleta mizigo. Nikapindua vyungu vingine vitano, kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na hadithi ileile. Vizibo sita vilitosha mfuko mmoja wa aproni. Nilikuwa naweza kuvitupa kwenye pipa, nikaweka vigae, maua yakapona, na estate nzima ikaamini kwamba yamepona kwa sababu Déo ameondoka.

Nilikaa juu ya ndoo kama alivyokuwa akikaa Mzee Shabani. Mgongo juu, tumbo chini, maji yapite kwapani. Nilikuwa nimeviponda vile vizibo kwa nyundo yake mwenyewe ili vilale bapa. Na yule kijana aliniambia, kwa maneno machache kuliko ya mzee, kitu kilekile. Niliona aibu. Alikuwa anateka yale maji kwa kopo kila siku ili kuniokolea maua, nami nikamtoa kazini.

Nilikwenda ofisini kwa meneja nikammwagia vizibo mezani nikamweleza. Alisikiliza, halafu akaegemea kiti.

"Mama, kwa nini unataka kujiharibia? Hayo yamekwisha. Mtu ameshaondoka."

"Nataka arudi."

Akanitazama muda mrefu, kwa jicho ninalolijua kwa sababu ni langu. Akaniuliza kama Déo amenitisha. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ni ndugu yangu, maana nyinyi wa huko juu, alisema, wote ni ndugu. Nikamwambia kwamba mimi ni wa Uvira na yeye ni wa Bujumbura, tunatazamana ng'ambo ya ziwa lakini sijawahi kumjua mama yake. Bado hakuniamini. Mwishowe alisema niandike barua na kutia sahihi kwamba kosa ni langu, naye ataipeleka kwa kampuni ya ulinzi. Niliandika mistari minne kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Sikulala vizuri siku hizo, nikingoja kuitwa nami niambiwe nikae nyumbani. Sikuitwa. Hadi leo nashuku sababu.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Yeoville. Yule askari mwenzake alinitajia jengo, ghorofa ya tatu, juu ya saluni ambako mke wa Déo anasuka nywele. Nilipofika barabarani niliinua macho kutafuta mlango, na kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu nikaona maua yangu.

Nayasema kwa uhakika, nilikuwa nimeyapanda kwa mikono yangu. Salvia nyekundu, koleus, na matembele ya zambarau yanamwagika kutoka kwenye vyuma vya kibaraza, yamenawiri kuliko ya estate. Na nitawaambia kilichonipita kichwani, mimi niliyekuja kuomba msamaha na vizibo sita kwenye pochi. Nilisema, *nilijua tu.*

Nilipanda ngazi na hasira hiyo hadi ghorofa ya pili, ikaniishia njiani. Déo mwenyewe alifungua mlango. Hakushangaa. Aliniona natazama kibarazani.

"Uliyatupa, Mama," akasema. "Siku ile ya mwisho, nilikuwa nimekuja kurudisha sare. Nikayaokota kule nyuma ya kibanda. Yalikuwa hayajakufa, yalikuwa yamechoka maji."

Yalikuwa kwenye makopo ya rangi. Niliinama nikatazama chini ya kopo la kwanza, huo ugonjwa hauna dawa. Kila kopo lilikuwa na matundu manane ya msumari.

Mkewe alileta chai. Niliinusa kabla ya kuinywa, bila kujua kwamba nainusa, na nilipoinua macho nikakuta ananitazama. "Ni chai tu, Mama," akasema. Sijawahi kuwa mdogo kama siku hiyo.

Nikatoa vizibo nikaviweka kwenye kitambaa cha meza. "Déo, nimekuya kuomba msamaha. Miye ndiye niliziba vile vyungu. Nilikufikiria mwizi, nikaweka alama, alama ikaziba choo. Barua nimeandika. Weye urudi."

Alivigeuza kwa kidole kimoja kimoja. Akasoma ile B.

"Nitarudi," akasema. "Lakini kule getini watu wote wanajua mimi ni mutu wa kutia sumu. Barua iko ofisini, watu hawataisoma. Uwaambie, Mama. Pale, asubui, wakati wa kubadilisha zamu."

Nilijaribu kumpunguzia. Nikasema nitamwambia mmoja mmoja. Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Sikumlaumu. Nikasema ndiyo.

Ilichukua wiki tatu kampuni ya ulinzi ikamrudisha, na asubuhi hiyo nilisimama getini saa kumi na mbili, askari wa zamu mbili, wafagiaji, akina mama wa usafi wanaoshuka kwenye teksi, wote nikawaomba wangoje dakika moja. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza, na Kizulu kidogo nilichonacho nikakimalizia hapo. Nikaonyesha vizibo. Nikasema Déo hakutia kitu, alikuwa anatoa. Mama mmoja wa usafi akasema "eish" taratibu. Kuna mmoja alicheka, na alikuwa na haki. Nilipokuwa navirudisha mfukoni, kizibo kimoja kikaanguka.

Déo akakiokota. Nikanyoosha mkono anirudishie, akauliza, "Hiki naweza kubaki nacho?"

Nikasema chukua. Akakitia kwenye mfuko wa shati la sare, akafunga kifungo, akaenda kufungua geti.

Na hapo ndipo mtaona kwamba watu hawabadiliki upesi. Kwa miaka yote iliyofuata nilijiuliza anakitakia nini. Kila alipoitwa ofisini nilifikiri leo kizibo kinatoka, leo ananimaliza. Tulisalimiana kila mara, "Mama, umeamka?", tukaongea habari za watoto, akanikumbusha vyungu vinavyohitaji kugeuzwa upande wa jua. Nilianza kuweka chandarua juu ya matundu, na kigae juu yake, mgongo juu, nikawafundisha nyinyi hivyo bila kuwaambia nilikojifunzia. Lakini kuhusu kizibo sikumuuliza, na sikuacha kukishuku.

Siku ya kuniaga ndiye aliyenibebea chungu hadi kwenye teksi. Alikiweka mapajani mwangu, akaniambia, "Ukibadilisha maua, Mama, ubadilishe weye mwenyewe. Usimpe mutu." Njia nzima hadi kwangu Malvern nilijiuliza ameficha nini humo ndani.

Hiyo ilikuwa Desemba. Sasa ni Machi, petunia walizonipa zimerefuka shingo kama kawaida yao, na jana asubuhi nilitandika gazeti uani nikakilaza chungu ubavuni. Bonge la udongo lilitoka zima. Nikatoa kigae. Chini yake, juu ya chandarua, kulikuwa na kizibo bapa, kimeanza kutu pembeni, na herufi B bado inasomeka. Katikati yake palikuwa na tundu. Alikuwa amelitoboa kwa msumari mnene, kisha akalisugua kingo zake kwa tupa zisije zikakata mizizi.

Nililia, Aline. Nikatazama ukutani kama jirani ananiona, kisha nikalia tena. Miaka yote ile nilidhani ameweka ushahidi.

Nikakiosha, nikakirudisha palepale, tundu juu ya tundu. Nikaweka kigae, nikajaza udongo mpya, nikapanda salvia nyuma na koleus katikati, na matembele mbele yaning'inie. Nikamwagia keni nzima ya maji, halafu nikachuchumaa kutazama kitako cha chungu. Nilingoja kidogo. Yakatoka.